Jina la Mama Yake Profesa

Harufu ya mihogo iliyovundikwa ikianikwa juani hunirudisha Kasulu mwaka 2015, nikiwa na miaka kumi na moja. Mama yangu alikuwa daktari, Mchaga aliyehamishiwa huko kikazi. Rafiki yake wa tangu chuoni, Profesa Goreth Niyonkuru, Mrundi, alifundisha historia Kanada. Waliandikiana barua pepe ndefu, na mama alizichapisha zote steshenari. Eti simu haina heshima ya karatasi. Mama alisimulia wagonjwa waliovuka mpaka, Profesa akaeleza vita vya zamani alivyohadithiwa na wanawake wa kwao. Nilizisoma kwa kuibia, umbea tu.

Vurugu zilipozuka Burundi, ikaja barua fupi: "Mama yangu amekimbilia huko. Dada, nitafutie." Kila Jumamosi mama akawa anakwenda kwenye kambi ya wakimbizi kupekua orodha, akimtafuta bibi aitwaye Niyonkuru. Akina Niyonkuru walikuwepo, lakini wote vijana. Kisha Profesa akaandika: "Kama amefariki, usinifiche." Mama aliisoma jikoni akalia mpaka ugali ukaungua.

Mimi mdomo wangu haukuwa na breki. "Mama, mbona unatafuta jina la Profesa?"

"Si ndilo jina la ukoo wao!"

"Ukoo gani? Odeta wa darasani kwetu na ndugu zake ni Warundi, na kila mmoja ana jina lake, hata la baba yao hawana."

"Mungu wangu! Miaka yote hii ya barua, sijamuuliza mama yake anaitwa nani!"

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na msemo huo mama ndiye aliyenifundisha. Akaandika papo hapo. Jibu lilipofika, "Bukuru Verediana," mama alikaa sakafuni. Bukuru alikuwa wodini kwake, kitanda cha dirishani, akiugua nimonia, siku ya tisa.

Tulikwenda mbio. Mama akapiga magoti, akapiga simu Kanada, akamwekea bibi sikioni. "Mwana wanje," bibi alisema kwa Kirundi, yaani mwanangu.

"Nisamehe, bibi," mama alisema. "Nimekutafuta kotekote, na kila asubuhi nilikuwa nikikushika mkono."

Siku hizi mama na Profesa huonana kwa video, wakikatizana kwa vicheko. Karatasi nimebaki nazo mimi. Sasa nami ni muuguzi. Kadi ya mgonjwa huja imeshajazwa, lakini mimi huilaza kifudifudi kwanza, nikamshika mkono, nikamuuliza: "Bibi, unaitwa nani?"