Mistari Miwili Niliyoiruka

Mpaka leo nikimwona Bi Zuhura sokoni Darajani hupita upande wa pili, na aibu yenyewe nimejitakia.

Kaka yangu Hamadi alikuwa Ujerumani kwa masomo ya uhandisi, na hapa alikwisha kumposa Asha, binti wa Bi Zuhura. Barua zake zilikuja kwa herufi ndogo kama chawa, mbele na nyuma mpaka pembezoni, maana huko stempu ghali na karatasi ya pili inalipiwa uzito. Msomaji nyumbani ni mimi (darasa la saba, na hata hilo kwa kusukumwa), kwa hiyo kwanza nilikuwa nikijifungia chumbani na kuisoma kila moja mara tatu. Siku moja barua ilimkuta Bi Zuhura kwetu na shoga zake wawili, mama akasema, "Soma hapa hapa, mkwe naye asikie."

Jasho likanitoka. Kahawa inapoa, mimi bado niko kwenye salamu. Shoga mmoja akapiga miayo, na hapo nikaamua: herufi zikisongamana, naruka. Nikasoma kwamba maisha magumu, nyama anaiona dirishani tu, kodi ya chumba imemshinda, "basi nimepata bibi mmoja," (nikaruka) "nnakaa naye, makaa ya kuotea moto tunachanga, na jioni hunipikia mbatata."

Bi Zuhura akaweka kikombe chini. "Kumbe keshapata bibi."

Mama akaniuliza kama nimesoma sawasawa. Nikaona haya kusema nimeruka, nikajibu ndiyo.

Kesho yake pete ya posa ikarudi, imefungwa kwenye leso. Mama hakula, alikaa tu na leso mkononi, na tukasikia Asha naye kajifungia ndani. Nikaichukua barua, nikaifuata kwa kidole herufi kwa herufi, mpaka nikafika kwenye mistari miwili niliyoiruka: "ajuza wa miaka sabini, macho hayaoni vizuri, ananiita mjukuu."

Nikaenda kwao, mtaa wa Malindi, na pete ndani ya leso yake, nikakiri kwamba niliruka kwa ile miayo, nikaomba niisome upya. Bi Zuhura akawaita shoga wale wale. Nikasoma kila neno, hata mstari wa pembezoni ambao mwenyewe sijaufikia: "Mwambieni mdogo wangu asome taratibu, asiruke, namjua."

Bi Zuhura akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso ile ile, kisha akaivuta pete kwake. "Ungetuvunjia nyumba, mwanangu, kwa kuogopa miayo."

Sasa barua naisoma mpaka muhuri wa posta. Atakayepiga miayo na apige.