Fundi wa barakoa na siku tatu za Mama Guan

Saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, Mai Huilan anazamisha bamba jeupe la plastiki lenye matundu madogo kwenye beseni la maji ya moto. Likishalegea analitoa kwa mikono miwili, analipangusa kwa taulo, kisha analitandaza juu ya uso wa mgonjwa mpya aliyelala chali na kulivuta mpaka mabegani.

"Usiogope, ni joto tu. Meza mate sasa, baadaye sitaki kidevu kicheze," anamwambia.

Mgonjwa anameza. Huilan anabonyeza taratibu kwenye pua, chini ya midomo na kwenye paji la uso. Plastiki ikipoa inakuwa ngumu, na mtu aliye ndani hawezi tena kugeuza kichwa. Kila siku ya matibabu atafungwa kitandani kwa barakoa hiyo, ili mionzi ipige mahali palepale.

Huilan, mwenye umri wa miaka 44, ameifanya kazi hii kwa miaka kumi na tisa katika hospitali moja ya saratani mjini Shunde, kusini mwa China. Kwa wiki hutengeneza barakoa kumi na moja hivi, na kila siku huwalaza mashineni wagonjwa zaidi ya arobaini. Analipwa yuan 7,800 kwa mwezi. "Zinamtosha mtu asiye na tamaa," anasema. "Mimi tamaa yangu ni viatu tu, kwa sababu nasimama kutwa."

Wengi wanaopita mikononi mwake wana saratani inayoota nyuma ya pua. Huku hakuna ukoo usioijua. Baba yake mwenyewe, Mzee Mai Jintang, aliyekuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha hariri, aliugua miaka ishirini na sita iliyopita, akapona.

Enzi hizo wagonjwa wote walipewa kipimo kimoja cha mionzi, hata kama uvimbe wa huyu haukufanana na wa yule. Siku hizi damu inasema. Uvimbe wa aina hii huandamana na virusi fulani na humwaga chembe zake kwenye damu, na mgonjwa akishapewa dawa za mwanzo, damu yake hupimwa. Chembe zikitoweka na uvimbe ukasinyaa, madaktari wanajua kwamba huo ni uvimbe unaosikia dawa, na baadhi ya wagonjwa hao huombwa kujiunga na utafiti wa kupunguza mionzi. Chembe zikibaki, hakuna cha kupunguza.

Mwezi Machi aliletwa Ou Zhaoji, mpishi wa uji wa samaki sokoni, mwenye umri wa miaka 38. Baada ya dawa za mwanzo, damu yake ilikuwa safi na uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Daktari akamweleza kwamba badala ya kulala mashineni mara thelathini na tatu, angeweza kulala mara thelathini, na hivyo tezi zake za mate zingepata nafuu. Akamweleza pia, bila kuficha, kwamba utafiti haujaisha na hakuna wa kumpa hakikisho.

Ou alitaka kukubali. "Nikikosa ulimi wa kuonja nitauza nini, viti?" alimuuliza Huilan siku ya kupimwa barakoa.

Aliyekataa ni mama yake, Guan Yinhao. Mama Guan alizika mume kwa ugonjwa huohuo, na Ou ndiye mtoto pekee aliyebaki naye. Kwake yeye, na kwa watu wengi wa Shunde, mtu anayekuthamini hakupunguzii kitu. Bakuli hujazwa mpaka juu, na mgeni husukumiwa kipande kinono. Siku tatu zilizokatwa alizisoma kama dharau: wamewaona watu wa sokoni, hawana wa kuwasemea.

Wiki ya kwanza ya matibabu, Huilan alipokwenda kuchukua barakoa ya Ou rafuni, alikuta ndani yake kopo la bati. Lilikuwa limejaa maganda makavu ya chenza, meusi, yenye harufu nzito. Maganda ya namna hiyo huwekwa miaka ishirini kabla ya kutiwa kwenye supu, na familia huyatoa kwa mtu wa maana tu.

Alimfuata Mama Guan kwenye benchi la ukumbini na kuketi kando yake.

"Mama, umesahau kitu chako."

"Sijasahau. Ni chako, mwanangu. Niliyaanika mwaka Zhaoji alipoanza kupika."

"Siwezi kuyachukua."

"Basi nisikilize. Zhaoji akitia saini ya kupunguziwa, hiyo mashine si unaibonyeza wewe? Mbonyezee hizo tatu. Nani atajua?"

"Mashine itajua, Mama. Haiwaki bila karatasi ya daktari."

"Daktari kijana yule? Hata ndevu hana."

"Ndevu hazitibu."

Mama Guan hakucheka. Alilipakata kopo na kusema kwa sauti ndogo kwamba mwanawe akifa, hatasema alikufa kwa saratani. Atasema alikufa kwa siku tatu.

Maneno hayo yalimkaa Huilan rohoni. Kazini kwake fundi haruhusiwi kumshauri mgonjwa, na yeye anaujua mpaka huo. Jumatano iliyofuata aliuvuka. Alimpigia simu baba yake na kumwomba aje wale chakula cha mchana pamoja, pale ukumbini, kwenye benchi la Mama Guan.

Mzee Mai, mwenye umri wa miaka 71, alikuja na chupa yake ya maji. Alifungua wali, akatia kijiko mdomoni, akanywa maji, akatafuna, akanywa tena. Mionzi iliyomponya ilimkausha mate, ikamng'oa meno na kumziba sikio moja. Bakuli dogo lilimchukua dakika hamsini. Mama Guan na mwanawe walikuwa wakimtazama.

"Mzee mwenzangu," mama akauliza mwishowe, "ungepunguziwa wewe, ungekubali?"

"Nisingekubali. Ningewatukana kama unavyowatukana wewe."

Huilan hakumwita baba yake aje aseme hivyo.

"Umeona?" Mama Guan akamgeukia mwanawe.

"Ngoja, sijamaliza," mzee akasema, akanywa maji. "Wakati wangu hakuna aliyejua kusoma damu. Ningekataa kwa kutojua. Nipo hai, nimemwoza huyu binti, silalamiki. Ila mke wangu alinipikia supu miaka ishirini na tatu baada ya hapo. Kila siku ananiuliza, tamu? Namwambia tamu. Mpaka anakufa sikuwahi kujua ilikuwa na ladha gani, na yeye sikumwambia."

Huilan naye hakuwa akijua. Alisimama, akaingia chumba cha mashine na kulia huko, na hilo haoni haya kulisema.

Ou alitia saini ya kujiunga na utafiti jioni ileile. Mama yake hakumzuia, lakini hakusema ndiyo. Huilan aliitwa kwa mkuu wa kitengo. "Kazi yako ni barakoa," aliambiwa. "Mtu huyu uvimbe ukimrudia, utajibu nini?" Alipewa onyo la maandishi.

Ou alilala mashineni mara thelathini, akavua barakoa, akaenda nyumbani akiwa bado anameza bila maji. Kesho yake asubuhi, Huilan alimkuta Mama Guan ameketi ukumbini peke yake, mkoba mapajani.

"Mama, mlimaliza jana."

"Najua. Yeye amemaliza."

Alikaa mpaka saa ya mwanawe kulala mashineni ilipopita, kisha akaondoka. Siku ya pili akaja tena. Siku ya tatu Huilan alimwomba mwenzake amshikie zamu, akaketi naye robo saa nzima. Zilipotimia siku thelathini na tatu, Mama Guan alijipangusa magoti na kuinuka.

"Sasa tumemaliza wote," alisema.

Damu ya Ou itapimwa tena tarehe tisa Septemba. Ikiwa safi, itapimwa tena na tena, na madaktari hawatapumua kabla ya miaka miwili. Kwa sasa amerudi sokoni nusu siku. Anasema chumvi anaionja vizuri, tangawizi kwa mbali, na utamu wa samaki unamjia siku moja na kumkimbia siku ya pili.

Huilan ameomba ruhusa ya siku hiyo ya tisa. Hajawahi kuomba ruhusa kwa ajili ya mgonjwa, na mkuu wake bado hajaitia saini. Ana matumaini, anasema, na matumaini yake yana sababu, maana damu ya Machi aliiona kwa macho yake kwenye karatasi. Lakini halali vizuri.

"Nitakwenda hata wakininyima," anasema, akitandaza taulo kavu kwa ajili ya mgonjwa anayefuata. "Majibu yakiwa mazuri, nitarudi kazini nifunge mdomo. Yakiwa mabaya, mimi ndiye niliyemleta baba yangu pale kwenye benchi. Sitaki yule mama ayasikie nisipokuwepo."