Majibu Mawili ya Asubuhi Moja

Mama lishe mmoja alikuwa akiuza chai na vitumbua kwenye maduara ya dhahabu, yaani mashimo ya wachimbaji, kama nusu saa kwa bodaboda kutoka kibanda changu cha ufundi pale Kalangalala. Mumewe alikuwa mchimbaji. Ufa ulipotokea mdomoni mwa duara la mumewe, mama huyo alinijia kwa kuwa niliwahi kumtengenezea simu. Aliuliza kama kompyuta inaweza kujua ufa unatembea au umetulia.

Nilimwambia inaweza, ikipewa vipimo. Tulipigilia misumari pande zote mbili za ufa, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko alipima umbali kwa futi ya seremala, akanitumia namba kwa ujumbe. Namba zilipanda na kushuka milimita moja, mbili, kwa kuwa mkono hautulii. Kwa macho usingeona kitu. Programu niliyoiandika ilitafuta wastani na kuchora mwelekeo. Saa mbili nilimpigia msimamizi wa duara, naye aliamua watu washuke au wasishuke. Wachimbaji waliniita mganga wa kompyuta, lakini simu yangu waliisubiri.

Kazi hii sikuisomea darasani. Nilijifunza nikiwa na miaka arobaini na kitu, nikiandika kila kosa kwenye daftari. Kwa hiyo siku ile sina kisingizio.

Asubuhi hiyo niliendesha programu kwenye dirisha la amri, pale ninapoandika maagizo kwa mkono. Ikagoma, ikisema maktaba, yaani msimbo wa ziada wa kusomea majedwali, haipo. Nikafungua kihariri ninachoandikia msimbo, nikabofya kitufe cha kuendesha. Ikaenda bila kulalamika, na mstari ukatoka umelala sawa. Saa mbili ilikuwa imepita, na msimamizi alikuwa ameshapiga mara mbili. Nikamwambia ufa haujasogea. Wakashuka.

Ndipo nikarudi kwenye lile kosa. Niliuliza kila upande swali moja: kifasiri unachotumia, yaani programu inayosoma msimbo na kuutekeleza, kiko folda gani? Dirisha la amri lilitaja folda ya mradi, ambayo nilikuwa nimeiunda upya jana yake na kusahau kufunga maktaba moja. Kihariri kilitaja folda nyingine kabisa. Kiendelezi chake, yaani programu ndogo iliyopachikwa ndani yake, kilikuwa kimejichagulia kifasiri cha zamani, na humo lilibaki toleo la kwanza la hesabu zangu, la wakati tulipopima kwa sentimita kamili. Toleo hilo lilikata milimita zote.

Nilifunga maktaba iliyokosekana, nikaendesha tena kwenye dirisha la amri. Mstari ulikuwa ukipanda kwa siku ya tano mfululizo, na sasa ilitosha kuonyesha kwamba si mkono tu.

Nilipiga simu, wakatolewa wote, wazima. Msimamizi hakunishukuru.

"Saa mbili shukeni, saa nne pandeni," alisema. "Hata mganga wa kwetu kijijini hushika neno lake mpaka jioni."

Nyuma yake niliwasikia wakicheka.

Duara halikuanguka siku ile, wala kesho yake. Nilikielekeza kihariri kwenye kifasiri cha mradi, nikahakikisha mara tatu kwamba pande zote mbili zinajibu sawa. Mstari uliendelea kupanda, nami niliendelea kupiga, lakini msimamizi aliacha kupokea. Mama lishe alimsihi mumewe asishuke. Mumewe alijibu kwamba wenzake wote wanashuka, na yeye akibaki juu watasema ameolewa na kompyuta. Siku ya tatu ukingo uliporomoka pamoja na matimba, yale magogo yanayoshikilia kuta, yeye na mwenzake wakiwa chini. Mwenzake alitolewa amevunjika mguu. Yeye alitolewa jioni, amekwisha kufa.

Baada ya matanga mama lishe alikuja kibandani, akaniamkia, akakaa. Kama alikuwa na hasira, hakuionyesha.

"Lile jibu la kwanza ulilitoa wapi?"

Nilimweleza polepole: vifasiri viwili, folda mbili, kimoja cha zamani, nami sikuuliza ni kipi kinachonijibu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kuuliza hivyo, kabla hujapiga simu, kungechukua muda gani?"

Ni mstari mmoja wa maagizo. Nilifikiria kusema jambo jingine.

"Sekunde chache, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Akaniambia kwamba anarudi kwao Ushirombo na watoto, na kwamba ile misumari ameing'oa.