Aproni Ilikuwa Moja

Mwanangu alizaliwa na tundu kwenye moyo. Siku alipopigwa eksirei pale Ifakara, miaka ya tisini, nilishindwa hata kukaa: picha ikipatikana, tunakwenda Dar es Salaam kutibiwa!

Nilikuwa mjamzito, nikazuiwa kuingia. Mama mkwe, aliyevuka mto kutoka Lupiro, ndiye aliyemshika mtoto. Mpiga picha akamvika aproni nzito ya madini ya risasi, akamweleza kwamba inazuia mionzi, kisha akaenda nyuma ya ukuta. Mama mkwe akaivua upesi, akamfunika nayo mjukuu wake gubigubi.

Picha ikatoka nyeupe tupu.

“Bibi! Sasa mtoto itabidi apigwe tena!” nikamsikia mpiga picha akifoka.

“Kama mionzi ni mibaya, mbona umenivika mimi mzee, mtoto ukamwacha wazi?”

Kisha mpiga picha akaikunja aproni, akamfunika mtoto kuanzia kiunoni kushuka chini.

Picha ya pili nikaishika ingali mbichi kwa dawa ya kusafishia. Moyo wa mwanangu! Nikapiga vigelegele korido nzima. Pembeni mwa picha, mifupa ya vidole vya bibi yake ilikuwa imemshikilia.