Pindo la Khanga

Mtu wa Njombe akinisikia nasema Dar kuna baridi atacheka mpaka akae chini. Acheke. Yeye hajaishi kwenye nyumba yetu. Ni nyumba ya zamani ya Kiswahili, hapa Kariakoo, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na imebaki peke yake katikati ya maghorofa. Miezi mingine jua tunalipata kama watu wengine. Kikifika kipupwe, jua linahamia upande wa kaskazini, na kaskazini kwetu ndiko liliko ghorofa refu kuliko yote. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane uani hakuingii jua. Sakafu inauma nyayo, nguo zinakaa kambani siku tatu, na mchana kweupe tunawasha taa ili kukata vitunguu. Kuna mwanga kidogo tu unaopita juu ya bati la choo mnamo saa saba, nao ukizubaa umekupita.

Kipupwe ninachokisimulia kilinikuta na watoto watatu. Wa kwanza, binti wa miaka tisa, anajivika mwenyewe na kunikemea kwamba tunachelewa. Wa pili, binti wa miaka mitano, yuko chekechea. Wa tatu alikuwa wa miezi minne, na kazi yake ilikuwa kunikojolea mgongoni. Mume wangu anauza mitumba ya watoto Mchikichini, anatoka kabla hakujapambazuka ili awahi kufunguliwa kwa mabelo, yale marobota ya nguo. Mama yake, mama mkwe wangu, tunaishi naye. Magoti yamemchoka, lakini macho na masikio hayajachoka hata kidogo. Mimi napika chapati na chai, nawapelekea watu wa maofisini upande wa Mnazi Mmoja, na njiani nawaacha watoto shule.

Kwa hiyo asubuhi zetu zilikuwa vita. Huyu anakohoa, huyu soksi imepotea, uji unamwagika, kichanga kinalia. Tukitoka mlangoni, mpangilio ulikuwa mmoja: mdogo mgongoni, hotpoti la chapati mkono wa kulia, chupa kubwa ya chai mkono wa kushoto, dada mtu mbele, na yule wa miaka mitano nyuma yangu ameshika pindo la khanga yangu. "Shika khanga," nasema, halafu naingia kwenye watu. Kariakoo saa kumi na mbili na nusu asubuhi si mahali pa kugeuka geuka. Sikuwa namwangalia mtoto. Nilikuwa nausikia mvuto wake nyuma ya goti, na mvuto ukiwepo mtoto yupo. Niliuona ni ujanja mkubwa wa mama mwenye akili.

Sasa sweta. Mume wangu alilileta kutoka kwenye belo kwa sababu lilimdodea. Lilikuwa la sufu, rangi ya damu ya mzee, zuri, limefumwa kwa mkono. Tatizo ni kwamba ndani yake kulipita kamba ya sufu, inaingia mkono huu na kutokea mkono ule, na mwisho wa kamba upande mmoja palining'inia glovu ndogo isiyo na vidole, ina gumba tu. Upande wa pili kamba ilikatika na glovu haikuwepo. Wateja walikuwa wakilishika, wanaiona ile glovu, wanalirudisha. Hata mimi ilinisumbua. Ilikuwa bado na umbo, gumba limejikunja ndani kana kwamba mkono wa mtoto umetoka humo sasa hivi.

Mama mkwe ana sheria yake kuhusu mitumba, ambayo yeye bado anaiita kwa jina la zamani, kafa Ulaya. Nguo inalazwa kwenye maji ya chumvi, inageuzwa nje ndani na kupigwa jua la siku nzima. Halafu kabla mtu hajaivaa, anaishika kwa mikono miwili na kuiambia: "Aliyekuvaa ametangulia, anayekuvaa yupo." Mwanawe anauza nguo hizo miaka na miaka, na hajawahi kumcheka kwa hilo. Mimi nilikuwa nafuata, tena kwa heshima.

Asubuhi ile sikufuata. Mtoto alikuwa anakohoa, sweta lake la shule lilikuwa bado bichi kambani, na mimi nimeshachelewa. Nikalitoa lile jipya kwenye mfuko nyuma ya mlango, nikamvika. Mama mkwe akauliza kutoka chumbani kwake, mlango wazi:

"Mwanangu, hilo la kafa Ulaya limefuliwa?"

"Limefuliwa, mama."

"Na chumvi?"

"Na chumvi."

"Haya," akasema. Nikatoka na watoto wangu, na aibu yangu nikaifunika kwa haraka.

Kesho yake asubuhi nilipolishika sweta kumvika tena, lilikuwa na unyevu kwapani na shingoni, kama limevuliwa punde na mtu aliyekuwa akikimbia. Kwenye mikono kulikuwa na mistari myeupe. Nikagusa kwa kidole, nikaonja. Chumvi. Nikajiambia ni jasho la mwanangu. Lakini mtoto gani anatoka jasho kiasi hicho mwezi wa saba, kwenye nyumba ambayo hata mende wanatafuta joto? Nilimvika hivyo hivyo.

Siku chache baadaye akaniambia, mimi niko kwenye kinyunya cha chapati, "Mama, mwenzangu anasikia baridi."

"Mwenzako nani?"

"Yule wa mkono mmoja."

Nikaacha kusukuma. Ile glovu moja ilikuwa inaning'inia kwenye mkono wa sweta lake, inacheza taratibu. Nikamwambia anywe uji. Akaomba kikombe cha pili, si chake, akakiweka kando yake kwenye mkeka, kikakaa pale mpaka kikaganda.

Tangu hapo nikawa naona mengi. Akiwa uani anatembea na mkono mmoja ameuachanisha na mwili, vidole amevikunja nusu, kama aliyeshikana mkono na mtu wa kimo chake. Akikaa kwenye kigoda anakaa pembeni, anaacha nafasi. Njiani, mahali fulani, mvuto wa khanga ulikuwa unakaza ghafla, kama anayetaka kubaki nyuma. Ananiita, "Mama, subiri." Mimi nasema, "Twende, tumechelewa," na mvuto unalegea, tunaendelea. Nilijaribu kuikata ile kamba, akalia mpaka akakosa pumzi. Nililificha sweta juu ya kabati, akakohoa kutwa nzima, nikalishusha mwenyewe. Mume wangu nilipomweleza alicheka: "Watoto ndo walivyo, ana rafiki wa kujitungia." Kwa mama mkwe sikuweza kwenda. Kuloweka sweta kwenye chumvi mbele ya macho yake ilikuwa ni kukiri kwamba nilimdanganya. Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa tangu wadogo, na mimi nilikuwa naitembea kila asubuhi nikiwa na mtoto nyuma yangu. Nilikuwa na hakika kwamba kuna mtoto mwingine, aliyekufa huko kwenye baridi ya kweli, amekuja na nguo yake, na kwamba ananichukulia wangu kidogo kidogo. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naendelea kukanda unga.

Asubuhi yenyewe ilikuwa na manyunyu. Tulitoka kama kawaida. Kona ya Msimbazi tulisimama kusubiri magari yapite, na tulipovuka niliusikia mvuto nyuma ya goti. Ulikuwa mwepesi, si wa kuvuta sana, zaidi kama wa kugonga. Tap, tap, kila nikipiga hatua. Nikashukuru kimoyomoyo kwamba leo hasumbui. Unanigonga, natembea, unanigonga, natembea, mpaka tukafika kwenye geti la shule ya dada yake.

Nikageuka nimwambie amuage dada. Hapakuwa na mtu.

Kwenye pindo la khanga yangu palikuwa na fundo, na kwenye fundo imefungwa kamba ya sufu, na mwisho wa kamba ile glovu inaning'inia. Ilikuwa nzito. Nikaiminya, ndani mna kitu kigumu. Nikaigeuza zikamwagika kokoto, zile za kwenye majengo yanayojengwa. Njia nzima nilikuwa nagongwa na hiyo.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua hotpoti liliwekwa chini, na chupa ya chai, na kwamba mtoto mgongoni alianza kulia. Nilimpigia simu mama mkwe, na sikuanza na salamu.

"Mama, mtoto sina. Amepotea njiani. Mama nisamehe, lile sweta sikulifua, nilikudanganya, sikulitia chumvi, limemchukua."

Akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayechambua mchele:

"Nilijua hukulifua. Lilikuwa linanuka belo. Siku ile ile aliporudi mchana nilimvua, nikalilaza kwenye chumvi mimi mwenyewe, nikalianika juu ya bati la choo. Halikukauka vizuri, jua lenyewe unalijua. Na maneno niliyasema. Sweta halina kitu, mwanangu. Acha sweta. Niambie, kila asubuhi mtoto anasimama wapi?"

"Hasimami, mama. Yuko nyuma yangu."

"Anaangalia nini njiani?"

Miezi miwili natembea naye njia ile ile, na sikujua mwanangu anaangalia nini. Nilisimama na simu sikioni mbele ya wazazi wenzangu, na hilo liliniumiza kuliko yote, liliniumiza kuliko hofu ya mzimu.

Dada yake akanivuta mkono. "Mama, mi najua. Anasimamaga pale kwa midoli."

Tulikimbia kurudi. Mikono yangu ilikuwa mitupu. Karibu na kona ya Msimbazi kuna uchochoro kati ya duka la nguo na jengo linalojengwa, na mwenye duka anaweka humo sanamu zake za kuvalishia nguo zilizovunjika, kazifunga kwa kamba kwenye nguzo. Hakuna atakayeziiba: hii haina kichwa, hii haina miguu. Nilikuwa napita pale kila siku, na sikuwa nimewahi kuziona.

Alikuwa amesimama kati yao, kimya kama wao, ndiyo maana wapita njia wote hawakumwona. Mimi mwenyewe macho yangu yalimpita mara ya kwanza. Nililiona sweta la damu ya mzee, nikalirukia, nikashika vidole vyake, vikiwa vya baridi, vigumu, na nikasema, "Mwanangu." Nilikuwa nimeshika sanamu. Ilikuwa sanamu ya mtoto, kimo chake kabisa, mkono mmoja umekatikia kwenye kiwiko, imevalishwa sweta na vifungo vimefungwa vyote mpaka shingoni. Mwanangu alikuwa upande wa pili wake, na shati jembamba la shule, midomo imebadilika rangi, anatetemeka.

"Mama," akasema, "sasa amepata joto."

Nilitaka kumchapa. Mkono niliuinua kabisa. Badala yake nikapiga magoti kwenye tope, nikamfunga kwenye khanga pamoja nami, na mdogo wake analia juu yetu.

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilikuita kila siku. Ulisema twende."

"Kwa nini hukunishika mkono ukanivuta?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Mikono yako imejaa. Wa kwake mmoja ulikuwa mtupu." Halafu akaitazama ile glovu niliyokuwa bado nimeikamata. "Nilikuachia mkono, usije ukaogopa."

Sweta tuliliacha pale. Hakukubali tumvue mwenzake, nami sikuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu siku hiyo. Alikohoa wiki mbili, tukaenda zahanati, akapona. Mama mkwe hakuwahi kunirudia lile jambo, ila jioni ile aliishika khanga yangu kwa mikono miwili, akalifungua lile fundo kwa meno, na kusema maneno yake yale yale: aliyekuvaa, anayekuvaa. Sikumuuliza alikuwa anamwambia nani.

Chai nimeacha kuipeleka. Wateja kadhaa wamenihama, wacha wahame. Mkono wangu wa kushoto asubuhi una mtoto, na tukifika kwenye uchochoro tunasimama, hata tukichelewa, hata tangu mwenye duka alipozitupa zile sanamu na pakabaki nguzo. Lakini kikija kipupwe kuna asubuhi, tukivuka Msimbazi, nahisi kitu kinanigonga nyuma ya goti, taratibu, tap, tap. Naangalia chini haraka, na huku mkono wa mwanangu nimeushika.