Mama Aliyeniuliza Kama Wabaki

Wakati viwanda vya mji wa Likasi vilipokuwa vikinyamaza kimoja baada ya kingine, mimi nilikuwa nikizunguka mitaani kupima watoto, nikitumwa na kituo cha parokia. Nilibeba mizani ya kuning'iniza, na daftari, kaye kama tunavyoiita, ya kuandikia kilo zao.

Kulikuwa na mama mmoja ambaye mumewe alifukuzwa kazi kwa sababu wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai, na watu wa asili hiyo walikuwa wakifukuzwa mjini. Mara tatu nilibisha, mara tatu akanijibu bila kufungua: "Mutoto iko muzima, mama. Endaka tu." Mara ya nne akasema sababu.

"Bengine balikuyaka na kaye sawa hiyo yako. Baliandika batu ba mu nyumba. Kisha balichoma kwa jirani."

Juma lililofuata nilikwenda mikono mitupu. Sikuuliza jina wala asili ya mtu. Niliketi kwenye ngazi, nikamsaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, tukaongea habari za mvua. Ziara zilikuwa nyingi kabla hajaniuliza mwenyewe: "Na ile mizani?"

Binti yake alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundunyekundu. Nilimwonyesha mama jinsi ya kutia karanga za kusaga kwenye uji. Alipokosa karanga, nilimpelekea za nyumbani kwangu.

Kisha ikaja asubuhi ya swali gumu. Ilisemekana treni ya kuwarudisha watu Kasai iko karibu. Watu wa kwao walikuwa wamelala kwenye stesheni majuma mengi wakiingojea, wengine wakafia palepale.

"Bwana yangu anasema tuende. Miye nasema nisikie kwanza weye. Unasema je?"

Nikamwambia wabaki. Kituo chetu kimeahidiwa maziwa, nikasema, na safari itamuua mtoto. Nilisema kwa moyo mweupe. Akaniamini, akamshawishi mumewe.

Maziwa hayakufika. Mtoto alifariki Jumatano moja, mapajani mwa mama yake, nikiwa nimeketi kando yao. Mama hakunilaumu. Alinishukuru kwa kuwa nilikuja, na shukrani hiyo ilinilemea kuliko matusi.

Baada ya mazishi walifunga vitu vyao wakaenda stesheni. Sikujua kama walifika. Niliendelea kubisha milango miezi michache, na milango ilifunguliwa. Lakini mama yeyote aliponiuliza afanye nini, nilitazama chini, nikasoma kilo tu.