Chokaa ya Nguzo

Wenye jengo wamepaka chokaa ukuta wa chumba cha kufulia hapa kwetu Langley Park, huku ughaibuni. Bomba linavuja mwaka mzima, wao kazi yao kuficha ukungu. Nilishuka na nguo za mwanangu, harufu ikanipiga puani, nikabaki nimesimama kama mjinga.

Baba ndiye aliyekuwa akiipaka chokaa ile nguzo ya baharia Mreno, kule kwetu juu ya mwamba. Wageni wakikaribia kuja, alikuwa anaing'arisha mpaka inaumiza macho. Mara moja ilitokea tumetoka kumzika mdogo wangu, hata kutambaa hajaanza. Mama akataka chokaa kidogo, apake mawe yaliyozunguka kaburi.

"Baba watoto, nipe kikopo kimoja tu."

"Hii ni ya nguzo. Wakubwa wakiona imepungua, nafukuzwa kazi."

"Huyo Mreno kafa zamani, hata mifupa yake haiko hapa. Wangu kafa juzi!"

Baba alifunika ndoo akapanda nayo mwambani, vidole vyeupe, vimepasukapasuka.

Mvua zikaja, majani yakala mawe. Kabla ya kuja huku nililitafuta lile kaburi mpaka jua likazama. Sikuliona.

Jana mwanangu alileta kitabu cha mabaharia kutoka shuleni. Nguzo imo, nyeupe pe! Akaniomba, kwa Kiingereza chake, nimwonyeshe kwetu ni wapi.

Niliweka kidole nje ya picha, juu ya meza.